Kusuka ringi ya baiskeli mwenyewe: mwongozo kwa anayeanza, hapahapa Dodoma

Mbukwenyi wadau. Kila nikionekana na ringi mkononi maswali ni yaleyale, nijifunzie wapi kusuka, kuna darasa, inachukua siku ngapi, naanzia tundu lipi, mbona ya kwangu nilikaza vizuri afu baada ya siku mbili inayumba tena. Leo namjibu huyu kesho anakuja mwingine na hilohilo. Kwaiyo naandika mara moja yote, ukiniuliza tena nakupa usome.

Nianze kwa kukutoa hofu. Kusuka kwenyewe, yani kuingiza spoku kwenye matundu kwa mpangilio, unakujua mchana mmoja ukiwa umetulia. Kinachowashinda watu ni kukaza. Gurudumu la nyuma la huku kwetu linabeba dumu tano za maji, kila dumu lita 20, hiyo ni kilo mia hujaweka keria wala mtu, na njia ni mchanga, korongo, mchanga tena. Ringi iliyokazwa kwa macho tu haimalizi mwezi. Kukaza kunaingia kwa mkono na kwa sikio ukiwa umekaa karibu na mtu anayejua, ndio maana hata baada ya kusoma hapa bado nakutuma ukakae na fundi.

Kitu kimoja tusielewane vibaya: nikisema ringi namaanisha lile duara tupu, nikisema gurudumu namaanisha likishasukwa na habu yake, yani kile chuma cha katikati kinachopitisha ekseli. Spoku wengine mnaita njiti, sawa tu.

UNAJIFUNZIA WAPI

Darasa la dawati na ubao la kusuka ringi mie sijalikuta hapa mjini. VETA, chuo cha ufundi stadi, watu wanaenda kwa ufundi magari, umeme, kuchomelea, ila ringi ya baiskeli nimeikuta chini ya mwarobaini, kwa mzee mwenye kiti cha magogo na bati la kufunika vyuma. Vijiwe vya namna hiyo vipo, zunguka Majengo karibu na soko, zunguka Nkuhungu, Chang'ombe, ukiona baiskeli tatu zimegeuzwa miguu juu umefika.

Namna ya kuingia ndio muhimu. Usiende asubuhi, asubuhi wauza maji na wabeba mkaa wanazisubiri baiskeli zao na fundi hana muda na wewe. Nenda saa nane mchana jua likiwa kali, wateja wamejificha, fundi amekaa. "Shikamoo mzee, naomba unifundishe kusuka, nimekuja na ringi yangu na spoku zangu." Ukija na vifaa vyako anakuona mtu wa maana, ukija mikono mitupu anakuona mpiga soga. Na mlipe hela ya kazi kamili kama vile amesuka yeye, maana atakaa na wewe mara tatu ya muda anaotumia akisuka peke yake. Usimletee habari ya "si nafanya mwenyewe mzee, nipunguzie".

Kama uko na wenzako wawili watatu mnaotaka kujua, changeni, mumuombe Jumapili mchana, kila mtu na gurudumu lake. Hii ndio naipenda zaidi kwasababu unaona makosa ya mwenzako kabla hujayafanya wewe. Zaidi ya watu wanne hapana, wa nyuma hawaoni kitu.

Siku ya kwanza angalia tu, usishike. Siku ya pili fungua gurudumu zima lako ulisuke upya. Siku ya tatu kukaza. Atakayekwambia amejua yote siku moja mpe baiskeli yake apande na madumu.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Gurudumu la MBELE, sio la nyuma. La mbele pande zote mbili ziko sawa na spoku zote urefu mmoja. La nyuma upande wa frii, yale meno yanayovutwa na cheni, unavutwa zaidi, hiyo ni ngazi ya pili. Na liwe zima, limenyooka. Watu wanaokota ringi iliyopinda jalalani eti ya kujifunzia, wanahangaika siku nzima hainyooki, wanadhani wao ndio wabovu kumbe ringi ndio bovu.

Spoku, na nati zake ndogo za shaba. Hesabu kwanza matundu ya ringi na ya habu, lazima yalingane. Baiskeli nyingi za gia za saizi 26 ni 36, hizi kubwa za saizi 28 zenye breki za vyuma mara nyingi mbele 32 nyuma 40. Hesabu ya kwako, usiniamini mie. Chukua mbili tatu za akiba.

Spana ya spoku inayobana nati yako vizuri. Ikiwa na nafasi hata kidogo itakula pembe za nati, na nati iliyoliwa pembe ni mateso.

Bisibisi bapa, oili kidogo kwenye kizibo cha soda, chaki, rula, kitambaa, na sahani ya bati ya kuwekea nati zisipotee mchangani. Kijiti cha mshikaki na kipande cha tyubu chakavu nitakwambia kazi yake mbele.

Na gurudumu jingine lililosukwa vizuri la kuangalizia. Hili ni muhimu kuliko vyote. Ukipotea kwenye maelezo yangu unageuka unaliangalia lile.

Urefu wa spoku unapimwa kuanzia ndani ya shingo, pale inapopinda karibu na kichwa, hadi mwisho wa nyuzi, zile nyuzi za skrubu zinazoingia kwenye nati. Ukienda dukani beba ya zamani uweke sambamba na mpya, usiseme tu "nipe za 26" maana 26 ni saizi ya tairi na ringi zinatofautiana kina. Na uzipime unene pia. Kuna duka nilinunua za gurudumu zima, kufika nyumbani nusu ni nene nusu ni nyembamba, zimechanganywa kwenye fungu moja, na rangi ileile. Za kawaida ni milimita 2, za mizigo utakuta 2.3 na zaidi, lakini tundu la habu na nati viendane nazo, spoku nene haiingii kwenye nati ya nyembamba.

KAZI YENYEWE

1. Kagua. Laza ringi tupu juu ya meza au sakafu iliyonyooka (kama bado imesukwa, hili lifanye ukishamaliza hatua ya 3). Ikitikisika kama kiti chenye mguu mfupi imepinda, tafuta nyingine. Shika ekseli uitikise, habu ikicheza kaza koni (zile nati za ekseli zinazobana gololi) au badilisha gololi kwanza, maana habu inayocheza itakufanya ufukuze mwendo ambao sio wa ringi.

2. Kama ni la nyuma, TOA FRII KABLA YA KUGUSA SPOKU. Naandika kwa herufi kubwa kwasababu gurudumu langu la kwanza la nyuma nilikata spoku zote kwa plaizi, nikabaki na habu mkononi ina frii juu yake, afu ndio nakumbuka kwamba frii inafunguliwa kwa kushika ringi kama usukani na kuipa nguvu. Ringi ipo pembeni, habu iko mkononi, nguvu unapatia wapi. Nilizunguka nayo mjini siku nzima mpaka mtu mwenye jiliwa kubwa akanisaidia na akanicheka bure.

3. Piga picha pande zote mbili, hasa karibu na tundu la valvu. Legeza spoku zote nusu mzunguko nusu mzunguko ukizunguka, usifungue moja mpaka mwisho afu ya pili, ringi inajikunja. Zikishalegea zote ndio toa. Chovya nyuzi za spoku mpya kwenye oili, kidogo tu.

4. Kundi la kwanza. Spoku zinaingia kwa makundi manne, mawili kila upande wa habu. Angalia ringi, utaona matundu hayako mstari mmoja, moja limeelekea kushoto linalofuata kulia. Hii sio hitilafu, spoku ya upande huu inaenda tundu lililoelekea upande huu. Kaa na ringi mbele yako, tundu la valvu juu. Chukua habu, ile sahani yenye matundu iliyo upande wako ingiza spoku kutoka NJE kwenda ndani, kichwa kibaki nje kinakuangalia. Ipeleke kwenye ringi, kulia kwa tundu la valvu, tundu la karibu ambalo limeelekea upande wako. Linaweza kuwa la kwanza au la pili, kumbuka ni lipi. Nati zungusha mara mbili tatu tu. Sasa kwenye sahani ruka tundu moja, ingiza nyingine kichwa nje, na kwenye ringi ruka matundu matatu, ingiza la nne (tundu la valvu halihesabiwi). Endelea hivohivo kuzunguka. Ringi ya 36 utakuwa na spoku tisa, ya 32 nane, ya 40 kumi. Ukimaliza na kuna sehemu umebakiza matundu mawili au manne badala ya matatu umeruka vibaya, rudi nyuma uhesabu, usilazimishe.

5. Kundi la pili. Geuza. Sahani ya upande huu matundu yake hayatazamani na ya kule, yamekaa katikati ya yale. Kama hujaamini chomeka spoku iliyonyooka kwenye tundu la kule, sambamba na ekseli, utaona inagonga chuma katikati ya matundu mawili. Kwaiyo una uchaguzi wa mawili. Kwenye ringi, kama spoku ya kwanza imekaa jirani kabisa na tundu la valvu, hii mpya inaenda tundu la jirani yake upande wa mbali na valvu. Kama spoku ya kwanza iliruka tundu moja, hii mpya inaingia hapo katikati yake na valvu. Kwenye habu chagua tundu lililosogea upande huohuo uliosogea kwenye ringi. Kichwa nje kama mwanzo. Zungusha kama kundi la kwanza, ruka moja kwenye habu, ruka matatu kwenye ringi.

Simama uangalie. Ringi iwe na spoku mbili, matundu mawili wazi, mbili, mawili wazi, mpaka mwisho. Na zile mbili jirani ziwe sambamba kama reli. Zikikatana kama mkasi umechagua tundu la habu la upande usio wake, lifungue kundi la pili lote urudie. Najua inauma.

6. Zungusha habu. Shika ringi, geuza habu kwa mkono mpaka spoku zilale pembeni na zikatae kwenda zaidi. Upande upi? Spoku iliyo jirani na tundu la valvu iegemee MBALI na tundu hilo, kama inalikimbia. Ukigeuza kinyume utamaliza vizuri kabisa, gurudumu zuri, afu unaleta pampu unakuta spoku zimekatana juu ya valvu kichwa cha pampu hakiingii. Mie hili nililiona nikiwa nimeshavisha tairi.

7. Kundi la tatu na la nne. Hizi zinaingia kutoka NDANI kwenda nje, kichwa kinabaki ndani ya habu. Chukua tundu lolote lililo wazi kwenye sahani moja, ingiza, afu uilaze upande wa kinyume na zile za mwanzo. Itazikata spoku za upande wake. Ya kwanza inapita juu, ya pili juu, ya tatu INAPITA CHINI yake, yani kwa ndani, hapo utaikunja kidogo kwa kidole, usiogope, afu inaenda kwenye ringi. Utakuta matundu mawili wazi, chagua lililoelekea upande wako. Ile ya kwanza ikishakaa zilizobaki zinajipanga zenyewe, kila moja inakata tatu, juu juu chini. Geuza fanya la nne vilevile. Gurudumu la spoku 40 fundi wengi wanakata nne, juu mara tatu chini mara moja, fuata picha uliyopiga.

Kama spoku haifiki kwenye ringi usivute kwa plaizi. Aidha hujazungusha habu ya kutosha, aidha nati ulizoanza nazo umekaza mno, aidha umehesabu vibaya. Mara tisa kati ya kumi ni la tatu.

8. Kaza mpaka nyuzi zipotee. Kwa bisibisi kutoka upande wa tairi, kaza kila nati mpaka nyuzi za spoku zimeingia tu ndani ya nati zisionekane, zote sawasawa. Hapa zote bado zinalegea na ndivyo inavyotakiwa. Sasa anza kwenye valvu, mzunguko mmoja kila nati, zunguka nzima mpaka urudi kwenye valvu. Weka alama ya chaki pale ulipoanzia. Bado zinalegea, zunguka tena mmoja mmoja. Zikianza kushika shuka kwenye nusu mzunguko. Mzunguko mmoja wa nati unavuta spoku kama 0.45 ya milimita, kwaiyo robo ni kama 0.1, ndio maana haraka haisaidii.

Spana inachanganya kila mtu mwanzoni. Ukiwa na bisibisi juu ya ringi, kukaza ni kwenda na saa. Ukiwa na spana unaangalia kutokea kwenye habu, inaonekana kinyume cha saa. Usihesabu saa. Fikiria uko nje ya ringi unaangalia kichwa cha nati, geuza kwa huko. Nimeona mtu analegeza nusu saa nzima akidhani anakaza.

9. Kunyoosha. Geuza baiskeli miguu juu, weka gurudumu kwenye foku (ile miguu miwili ya fremu inayoshika gurudumu), kaza ekseli. Kijiti cha mshikaki kifunge kwenye mguu wa foku kwa kipande cha tyubu, ncha ikaribie ringi bila kugusa. Zungusha taratibu uangalie nafasi inavyopungua na kuongezeka.

Anza na kupanda na kushuka, ukiwa bado hujakaza sana, maana baadae hili linakuwa gumu. Ringi ikipanda mbali na habu sehemu fulani, kaza spoku za hapo pande zote mbili kwa usawa. Ikishuka, legeza. Wenye baiskeli za breki za vyuma msilipuuze hili hata kidogo, breki zenu zinabana kwa ndani ya ringi, upande unaoangalia habu, kwaiyo ringi inayopanda na kushuka breki inashika inaachia inashika.

Kisha kushoto na kulia. Ringi ikienda kushoto, kaza za kulia za hapo robo mzunguko na ulegeze za kushoto robo. Watu wanakaza tu, kaza kaza kaza, hawalegezi kamwe, mwisho spoku moja imevimba na jirani yake inaning'inia.

Kisha katikati. Toa gurudumu, ligeuze kushoto liwe kulia, rudisha kwenye foku. Kijiti kikibaki na nafasi ileile, liko katikati. Nafasi ikibadilika, upande ambao ringi imesogea mbali nao ndio unaongeza robo spoku zake zote. La nyuma unapima hivohivo, na usishangae upande wa frii spoku zimekaza zaidi ya upande wa pili, ndivyo lilivyo.

Rudi mwanzo. Juu chini, pembeni, katikati, afu ongeza nusu zote, afu tena. Mara nne mara tano. Kwa barabara zetu ukibaki na kuyumba milimita moja tembea nayo, usije ukaharibu ukitafuta sifuri.

10. Sikio. Hapa ndio nilitaka ufike. Gurudumu langu la tatu nililipeleka kwa mzee nikiwa najiona fundi, limenyooka, kijiti hakigusi popote. Hakuliangalia. Alilipachika kwenye goti, akalipitishia mpini wa spana kwenye spoku moja moja za upande mmoja, akiwa anaangalia barabarani. Ting, ting, ting, ting, tong. Akasimama. Ting, ting, tiiing. Akasimama tena. Akaniambia "limenyooka ndio, ila limenyooka kwa ugomvi." Nikauliza ugomvi gani mzee. Akanishikisha: mbili zilikuwa zimekaza mpaka zinauma kidole, na ya katikati yao unaipinda kwa kidole kama uzi. Zile mbili zinavuta huku, nyingine zinavuta kule, katikati imekaa bure, na ringi ikawa inaonekana imenyooka. Ukiweka mzigo yule aliyekaa bure anaanza kupigapiga, shingo inachoka, inakatika, na wenzake wanafuata.

Kwaiyo gonga kila spoku karibu na katikati yake kwa kitu kidogo cha chuma. Linganisha za upande mmoja na za upande mmoja tu. Zote zitoe sauti inayokaribiana. Inayotoa sauti nzito imelegea, nyembamba imekaza mno. Legeza anayelia juu, kaza anayelia chini, afu angalia kijiti tena kama hujapindisha. Afu gonga lile gurudumu zima la kuangalizia, lenye spoku za unene na urefu kama wako, sauti zako zifikie pale. Ukifikia pale acha. Ukizidisha, utafika sehemu kila ukikaza robo ringi yote inayumba upya, hapo umepitiliza, rudisha nusu mzunguko zote.

11. Bana. Shika spoku mbili zilizo sambamba upande mmoja kwa kiganja, na mbili za upande wa pili kwa mkono mwingine, minya kwa nguvu kweli. Zunguka gurudumu lote. Utasikia vilio vidogo, tik tik, hizo ni spoku zilizokuwa zimejisokota pamoja na nati zinajiachia, na shingo zinakaa vizuri kwenye habu. Angalia tena kijiti, itakuwa imeyumba kidogo, nyoosha, bana tena. Ikibana bila kubadilika umemaliza. Hatua hii ndio wengi wanairuka na ndio hao wanaouliza mbona imerudi kuyumba.

Kujisokota unaweza kukupunguza mapema: ukitaka robo, kaza robo na kidogo afu rudisha ile kidogo.

12. Pitisha kidole ndani ya ringi. Ncha ya spoku iliyochomoza juu ya nati ipigie tupa, la sivyo itatoboa tyubu. Weka ukanda wa ndani wa ringi, kama huna kata wa tyubu ya zamani, vaa tairi. Tembea nalo siku mbili tatu bila mzigo, rudi na spana ukague.

LIKIGOMA

Spoku zinakatika shingoni, kila baada ya wiki moja nyingine. Watu wanadhani wamekaza sana. Karibu kila mara zimelegea. Spoku iliyolegea ndio inapindapinda kila mzunguko mzigo unapopita. Zikishakatika tatu nne za upande uleule usiendelee kubadilisha moja moja, zote zimeshachoka, badilisha upande mzima. Na kama ni upande wa frii basi frii itoke kwanza, vichwa vya spoku viko nyuma yake.

Nati inazunguka lakini spoku haikazi. Angalia spoku yenyewe, inazunguka nayo? Ishike kwa plaizi yenye kitambaa, taratibu usiikwaruze, afu tia tone la oili kwenye nati pande zote mbili. Ikiwa pembe zimeliwa, kwa nje kuna mkato wa bisibisi, toa tairi ukaze kwa huko, ila nati hiyo ibadilishe.

Ringi imejikunja ghafla kama namba nane ukiwa unakaza. Umezidisha. Usiipige na nyundo. Legeza ZOTE mzunguko mmoja, mara nyingi inarudi yenyewe kwa mlio. Isiporudi ilikuwa na tatizo.

Kuna sehemu moja haitaki kunyooka, spoku za kulia zimekaza hadi mwisho na za kushoto zimelegea na bado imeelekea kushoto. Hapo ringi yenyewe imepinda, ilipigwa na korongo. Legeza spoku za hapo, inyooshe kwa mkono au kwa goti juu ya kigogo, afu ndio ukaze kawaida. Ya chuma inakubali. Ya alumini inaweza kupasuka, mie hiyo huwa naitoa nabadilisha.

Tyubu inatoboka na mwiba hauonekani. Angalia tobo liko upande gani. Likiwa upande wa nje ni mbigili tu, karibu Dodoma. Likiwa upande wa ndani, unaotazama spoku, ukanda umesogea au kuna ncha imechomoza, rudi hatua ya 12.

Linalia tik tik ukianza kupanda mara ya kwanza. Hukubana vya kutosha, spoku zinajisokotoa zenyewe barabarani. Shuka, nyoosha, bana.

Linagusa fremu upande mmoja tu ingawa halitembei pembeni. Haliko katikati, au ekseli umeifunga imekaa mshazari kwenye foku. Legeza ekseli ulikalishe sawa kwanza kabla hujagusa hata spoku moja, mie nimewahi kusuka upya gurudumu zima kwa kosa la nati ya ekseli.